Chupa Yenye Picha ya Ng'ombe

Nyumbani kwao Kirolirwe, Alliance alizoea kuamshwa na ndama. Ndama wakianza kulia zizini, basi kumekucha, na mtoto anayeendelea kulala baada ya hapo ataitwa mvivu mpaka jioni. Hapa hospitalini hakukuwa na ndama hata mmoja. Kilichomwamsha kilikuwa kelele za ndoo zilizogongana kwenye foleni ya maji, nje ya wodi ya wanawake, ukungu ukiwa bado umelala juu ya vilima vya Masisi.

Alliance alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na hii ilikuwa siku yake ya nne ya kuwa gadi-malade. Katika hospitali za huko, manesi hutoa dawa na kufunga vidonda, lakini chakula, maji ya kuoga na nguo safi ni kazi ya ndugu wa mgonjwa. Ndugu huyo ndiye huitwa gadi-malade. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na mtu mzima. Lakini mama yake Alliance alikuwa amejifungua juzijuzi, na baba yake, Papa Habineza, hakuwa na mtu wa kumwachia ng'ombe kila siku. Akabaki Alliance.

Mgonjwa wake alikuwa Shangazi Mukabaranga, dada ya baba yake. Kirolirwe nzima ilimjua shangazi huyo kwa mambo mawili: kicheko chake na fromaji zake, yaani jibini. Kila mwezi alifunga fromaji za maziwa ya ng'ombe wa Masisi, za mviringo kama magurudumu madogo, akazipeleka kuuza Walikale, kisha akarudi na mafuta ya mawese. Katika safari ya mwisho, watu wenye silaha waliwasimamisha wachuuzi msituni, wakawanyang'anya mizigo yote. Shangazi alipigwa panga begani. Alikimbia, akajificha porini siku tatu bila dawa wala chakula, mpaka wakulima walipomkuta, wakamlaza kwenye kipoyi, ile machela ya miti, wakambeba mabegani kwa zamu mpaka hospitalini.

Tangu siku hiyo hakuna aliyesikia kicheko chake.

Asubuhi ile, kama kila asubuhi, Daktari Athanasie aliingia wodini akifuatwa na wanafunzi wake wawili, Shema na Laetitia. Daktari Athanasie alikuwa daktari wa familia. Alitibu vichanga na mabibi, mafua na mifupa iliyovunjika, na zaidi ya yote aliwahudumia watu walioumizwa na vita. Vilevile alifundisha. Shema na Laetitia walikuwa wanafunzi wa udaktari waliotumwa kwake kujifunza kazi, nao walimfuata kitanda kwa kitanda na madaftari yao.

Daktari hakusimama juu ya mgonjwa kama watu wengine. Alivuta kigoda, akaketi mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa Shangazi.

"Mama Mukabaranga, umeamuka?"

"Nimeamuka, Dokta."

"Unaniruhusu niangalie kidonda?"

"Ndiyo."

"Na hawa wanafunzi, wanaweza kuangalia pia?"

Shangazi aligeuza uso ukutani. "Hapana. Weye tu."

Shema alikuwa tayari amefungua daftari. "Lakini Dokta, tutajifunza aje kama hatuoni?"

"Mmejifunza tayari," alijibu Daktari Athanasie bila kukasirika. "Waliomkata hawakumwomba ruhusa. Sisi tunaomba, na akikataa tunatii. Kwa mtu aliyeumizwa hivi, hiyo ni dawa ya kwanza. Tokeni kidogo, nitawaita."

Wanafunzi wakatoka. Daktari akavuta pazia, akasafisha kidonda, akakifunga kwa bendeji nyeupe. Kabla ya kuondoka alimwambia Alliance, "Mutoto, kazi yako unaifanya vizuri. Lakini kidonda hiki ni kazi yangu na ya manesi. Ukiona kitu chochote kimebadilika, utuite. Umesikia?"

"Nimesikia, Dokta."

Na kweli alisikia. Tatizo la binadamu ni kwamba kusikia na kukumbuka si ndugu wa tumbo moja.

Haukupita muda mrefu, Papa Habineza akafika na kibuyu cha maziwa na mfuko wa turubai. Alikuwa ameteremka kununua dawa ya kupe, kwa maana kupe walikuwa wamewavamia ng'ombe wake masikioni. Aliusukuma mfuko chini ya kitanda, akakaa kidogo akimtazama dada yake aliyelala kimya, kisha akasimama.

"Nakwenda sokoni kutafuta chumvi ya ng'ombe. Alliance, chunga ule mufuko. Mutu asiuguse."

"Ndiyo, Papa."

Kitanda cha jirani kilikuwa cha mama mmoja mkulima kutoka Muheto, jina lake Victorine. Mguu wake ulikuwa umevunjika, lakini ulimi wake ulikuwa mzima kabisa. Alikuwa mkarimu: uji wake wa mtama aliugawa na Shangazi kila asubuhi, na asubuhi hiyo pia alikuwa amempa kikombe kizima. Shida ni kwamba alipotoa kwa mkono wa kulia, alichukua kwa mdomo.

"Eeh, mutoto," alisema sasa huku akijipepea kwa kitambaa, "mufungue dirisha. Hapa kunanuka kama zizi."

Wanawake wawili watatu wakacheka.

"Ni kidonda," Alliance alisema kwa sauti ndogo.

"Najua ni kidonda! Hata nzi wanajua. Angalia, wote wamehamia kwenu. Kwangu wamekuja tu kuuliza njia!"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Alliance alimtazama shangazi yake. Machozi mawili yalikuwa yakiteremka kimya kwenye mto.

Na hapo ndipo Alliance alipoona kitu kingine. Juu ya shuka, karibu na bega, kulikuwa na funza mmoja mweupe, mnene, akijikunja na kujikunjua. Labda alijificha ndani kabisa ya kidonda tangu msituni. Alliance akamfunika haraka kwa kitambaa kabla Victorine hajamwona.

Angeweza kumwita nesi. Nesi alikuwa umbali wa vitanda sita tu, akigawa vidonge vya saa nne. Lakini kumwita nesi maana yake ni kusema kwa sauti, "Shangazi yangu ana funza," na kusema hivyo mbele ya ulimi wa Victorine kulikuwa kama kupiga kengele kanisani. Isitoshe, Alliance alikuwa mtoto wa wafugaji. Alijua dawa ya funza. Mara ngapi alikuwa amemshikia baba yake pembe za ng'ombe aliyejeruhiwa na miiba, akaona matone machache ya dawa ya kupe yakitiwa kidondani, na funza wakafa palepale? Hata yule ng'ombe mweusi mkorofi alipona kwa dawa hiyo.

Aliinama, akafungua mfuko wa turubai. Chupa ilikuwa humo, ya kahawia, na picha ya ng'ombe pembeni.

"Unafanya nini?" Shangazi alinong'ona.

"Nakupatia dawa, Shangazi. Wasikucheke tena."

Akavuta pazia, akainua bendeji upande mmoja. Nyumbani, baba yake alitia matone tu. Lakini Alliance alitaka shangazi yake apone upesi, tena apone leo, mbele ya wote waliomcheka. Akajaza kifuniko cha chupa, akamimina. Akajaza cha pili. Cha tatu.

"Mutoto, kinawaka!"

"Vumilia kidogo. Njo dawa yenyewe hiyo."

Akarudisha bendeji vizuri, akairudisha chupa kwenye mfuko wa turubai, akalifunika bega kwa blanketi. Baada ya muda mfupi nzi walianza kuanguka mmoja mmoja. Nesi alipopita alishangaa. "Hapa leo hakuna nzi hata mmoja! Huyu gadi-malade ni nambari ya kwanza!" Alliance alijaa furaha mpaka masikioni. Hata Victorine aliguna, akanyamaza.

Furaha hiyo haikudumu hata saa moja.

Kwanza Shangazi alitokwa na jasho, ingawa asubuhi ya Masisi ni ya baridi. Kisha mate yakaanza kumtoka mdomoni, mengi, kama ya mtoto anayeota meno. Kope zikatetemeka. Alliance alimwita mara ya kwanza, akaitika. Alimwita mara ya pili, akatoa mkoromo tu, kama chungu kinachochemka.

"Nesi! Nesi!"

Daktari Athanasie alifika akikimbia, na wanafunzi nyuma yake.

"Ni malaria ya kichwani," Shema alisema akihema.

"Shema, niambie unachokiona, si unachokidhani. Angalia macho."

Shema akainama na tochi. "Mboni... mboni ni ndogo sana, Dokta. Kama ncha ya sindano."

"Laetitia, moyo?"

"Unapiga polepole. Arobaini na mbili."

"Malaria inaleta mate hivi?"

"Hapana, Dokta."

"Ni pepopunda?"

Laetitia akagusa taya la mgonjwa. "Pepopunda inakaza taya. Hili limelegea."

"Basi ni nini?"

Wanafunzi wakatazamana, wakasema kwa pamoja, kwa sauti ya chini, "Sumu."

Walilisema polepole neno hilo, lakini wodi ina masikio mengi. Mama mmoja wa kitanda cha mlangoni akainuka akipiga kelele.

"Sumu! Wamemupatia sumu! Ni ule mama wa Muheto, njo amemupa uji asubuhi!"

Macho yote yakageuka. Kikombe cha uji kilikuwa bado juu ya meza, na tone la mwisho likiwa limekauka pembeni.

"Mimi?" Victorine alijiinua kwa viwiko. "Na mimi nimekunywa uji ule ule! Mungu ananiona!"

"Ulikuwa unamucheka tangu asubuhi! Ulikuwa na mupango!"

"Afungwe!" sauti nyingine ikasema kutoka mlangoni, ambako magadi-malade wa wodi nyingine walikuwa wamejaa. Victorine alitaka kusema kitu, lakini kwa mara ya kwanza ulimi wake ulikataa.

Daktari Athanasie hakuinua kichwa. "Atropini," aliagiza, akiitaja dawa ya kupambana na sumu ya namna hiyo. "Ingiza kwenye mshipa. Laetitia, usiache kuhesabu moyo."

Nesi akachoma sindano. Dakika chache zikapita. "Hamsini na nane, Dokta!" Laetitia alisema. "Mate yanapungua!" Watu wakashusha pumzi. Lakini muda si muda Laetitia akabadilika uso. "Arobaini na nane... arobaini na nne. Unashuka tena."

"Mchome tena. Zimebaki ngapi?"

"Tisa, Dokta."

Daktari alipangusa paji la uso kwa mkono wa koti. "Tunapangusa sakafu huku paa linavuja," alisema. "Kuna mahali sumu bado inaingia. Nisipopajua, dawa itaisha kabla ya sumu."

"Tumuoshe tumbo?" Shema aliuliza. Tayari alikuwa ameshika mpira mrefu wa kupitisha kooni. "Kama ni ule uji..."

"Anakoroma namna hii? Maji yakienda njia ya mapafu, tutamzamisha kitandani." Akautazama ule mpira, akamtazama mgonjwa. "Utayarishe. Kama hakuna njia nyingine, nitaupitisha."

Alliance alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, mgongo wake umegusa ukuta. Alikuwa ameelewa. Alielewa tangu Daktari aliposema paa linavuja, kwa sababu alijua paa lilikuwa wapi.

Moyoni mwake sauti mbili zilikuwa zikigombana. Moja ilisema: Nyamaza. Hakuna aliyekuona. Umesifiwa leo asubuhi, na Victorine anastahili, alimliza shangazi yako mbele ya watu. Ukisema, kila mtu atajua kwamba aliyemuua Mukabaranga si wale wa msituni, ni mutoto wa kaka yake. Sauti ya pili haikusema maneno. Ilikuwa ni ule mkoromo tu, unaopanda na kushuka.

"Haiko ndani ya tumbo," Alliance alisema.

Hakuna aliyemsikia. Akasogea, akamshika Daktari koti.

"Dokta! Haiko ndani ya tumbo. Mama Victorine hana kosa. Iko kwa bega. Ni mimi njo niliweka."

Alliance alijikunja akingoja kofi, au angalau kelele. Daktari Athanasie aliinama mpaka macho yao yakakutana.

"Uliweka nini, mama?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya upole na ya haraka kwa pamoja.

Alliance akaivuta chupa kutoka kwenye mfuko chini ya kitanda. "Dawa ya kupe. Vifuniko vitatu. Bila maji. Wakati nesi alikuwa anagawa vidonge vya saa nne. Aliniambia kinawaka, mimi nikamwambia avumilie."

Daktari alisoma maandishi madogo chini ya picha ya ng'ombe, na uso wake ukafunguka kama mtu aliyepewa ufunguo.

"Shema, tupa huo mpira! Glavu, wote! Kateni bendeji, toeni nguo zake na shuka, vuteni pazia. Maji na sabuni, maji mengi! Alliance, na wewe nawa mikono mpaka kiwiko, halafu utuletee ndoo."

Alliance alinawa, akachomoka mbio. Nje bombani akakuta foleni ndefu. "Shangazi yangu anakufa!" alilia. "Maji! Daktari anataka maji!"

Hapo yakatokea mambo ambayo wodi ile iliyasimulia kwa muda mrefu. Wale wale waliokuwa wakipiga kelele za "Afungwe!" walijipanga mstari kutoka bombani mpaka mlangoni, na ndoo zikaanza kupita mkono kwa mkono. Ndoo ya kwanza kufika kitandani ilikuwa nyekundu. Ilikuwa ya Victorine. Hakuweza kusimama, lakini aliisukuma kwa mguu wake mzima huku akiita, "Chukueni yangu, imejaa! Chukueni, musingoje!"

Nyuma ya pazia, Shema na Laetitia waliosha bega kwa sabuni na maji, wakasuuza, wakaosha tena, mara ya tatu, mara ya nne. Nesi alichoma sindano nyingine, na nyingine tena. Ziliposalia nne tu, Laetitia, aliyekuwa hajaachia mkono wa mgonjwa, akasema, "Sitini." Wakangoja. "Sitini na nane." Wakangoja tena, na sasa hata Shema alikuwa amefumba macho kama anayesali. "Sabini na sita, Dokta. Haushuki!"

Mkoromo ukapungua, ukawa pumzi ya kawaida. Mate yakakauka. Mboni za macho zikaanza kufunguka kidogo kidogo. Saa sita ikapita, na saa saba. Saa nane hivi, Shangazi Mukabaranga akafumbua midomo yake na kusema kwa sauti ya kukwaruza:

"Nani ameninyima maji? Mudomo umekauka kama gome."

Daktari Athanasie akacheka kwa nguvu. Ilikuwa mara ya kwanza wanafunzi wake kumsikia akicheka hivyo. "Mdomo mkavu!" alisema. "Sijasikia maneno matamu kama hayo mwaka huu. Hiyo ni dawa yetu inafanya kazi, Mama."

Vigelegele vikapasuka, kuanzia kitanda cha mlangoni mpaka uani.

Alliance hakupiga kigelegele. Alipiga magoti kando ya kitanda, akasema yote tangu mwanzo huku akilia: funza, kicheko, chupa, vifuniko vitatu. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauinua mkono wake mzima polepole, akajipapasa kichwani upande huu na upande ule.

"Mutoto wa kaka yangu," alisema, "uniambie kweli. Weye uliona nimeota pembe?"

Na akacheka. Kilikuwa kicheko dhaifu, chenye kukohoa katikati, lakini kilikuwa kile kile cha Kirolirwe. Alliance naye akacheka na kulia kwa wakati mmoja.

Papa Habineza aliporudi na chumvi yake ya ng'ombe, alisimuliwa yote mlangoni. Chumvi ikamponyoka. Alikaa chini, akashika kichwa.

"Dokta, mutu asimupige mutoto," alisema. "Mimi njo nilimufundisha bila kujua. Hata mimi nimejipaka ile dawa mguuni, mwaka jana. Nilitetemeka siku nzima, nikasema ni baridi."

"Ulipona kwa bahati, Papa," Daktari alimjibu. "Dawa hiyo inamuua kupe kwa sababu ni sumu. Ikipita kwenye kidonda kilicho wazi inaingia kwenye damu, na damu haijui kuuliza kama mwenyewe ni ng'ombe ao ni mutu."

Jioni hiyo, jua likiwa bado kwenye vilele vya vilima, Alliance alikwenda kwenye kitanda cha Victorine. Alichezea kona ya shuka.

"Mama Victorine, nataka kuomba musamaha. Walipokusingizia, kidogo ninyamaze. Nilikuwa na hasira sababu ulitucheka."

Victorine alimtazama. "Kidogo," alisema. "Lakini haukunyamaza. Ungalinyamaza, leo ningalikuwa wapi na huu muguu?" Akajifuta macho kwa kile kitambaa cha kujipepea. "Na mimi niombe musamaha. Harufu ya kidonda si kosa la mwenye kidonda. Ni la aliyemukata. Mulete kikombe, uji umebaki."

Siku tisa baadaye, Daktari Athanasie alikuwa na somo katika chumba kidogo nyuma ya famasia. Alitaka kulisimulia tukio lile, lakini kwanza alikwenda kuketi kwenye kigoda chake.

"Mama Mukabaranga, kuna jambo wanafunzi wangu wanapaswa kulijua maisha yao yote. Ni habari yako. Unaniruhusu niwaeleze? Jina lako sitalitaja."

Shangazi alifikiri. "Hapana," alisema, na Daktari akaanza kuinuka. "Ngoja, Dokta, sijamaliza. Usiwaeleze weye. Nitakwenda mimi, kwa miguu yangu, na jina langu walijue."

Na akaenda. Alivaa kitenge cha njano, mkono ukiwa umening'inizwa kwa kitambaa shingoni, na Alliance akatembea kando yake bila kumshika, kwa maana alikataa kushikwa. Chumbani walikuwemo Shema, Laetitia na wanafunzi wenzao sita waliokuja kwa somo hilo, manesi watatu, na nyuma kabisa, wakiwa na fimbo zao na makofia yao, wafugaji tisa wa Kirolirwe walioitwa na Papa Habineza. Shangazi alipoingia, wote wakasimama.

Alisimulia safari ya Walikale. Alisimulia panga na siku tatu za porini. Mara mbili sauti yake ilikatika, na mara zote mbili Daktari alimngoja, bila kumhimiza wala kumsaidia maneno. Alipomaliza alikuwa amenyooka kuliko alivyoingia. Kisha akamgeukia Alliance. "Sasa weye."

Alliance aliona macho yote yale. Lakini alisema. Alitaja funza, alitaja vifuniko vitatu, alitaja hata ile sauti iliyomwambia anyamaze. Mfugaji mmoja mzee alitikisa kichwa akasema, "Hata kwangu chupa hiyo iko, juu ya dirisha, karibu na chumvi ya kupikia." Wenzake wakaguna kwa aibu. "Leo itahama," aliongeza.

Shema alinyoosha mkono. "Dokta, hata bila mutoto kusema, si tungalijua mwishowe?"

"Labda," alisema Daktari Athanasie. "Tungalijua atropini ikiwa imekwisha, na mpira ukiwa kooni mwa mtu ambaye tumbo lake halikuwa na kosa lolote. Na mama mwingine angalikuwa mikononi mwa watu wenye hasira. Andikeni hili." Kalamu zikashuka kwenye madaftari. "Macho yangu yaliona sumu, lakini hayakuona mlango wake. Aliyeujua mlango alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa na kila sababu ya kunyamaza."

Akamsogelea Alliance, akamwekea mkono kichwani, lakini alisema kwa sauti ya kusikika na wote.

"Ulikosea, Alliance, na kosa lenyewe lilikuwa kubwa. Nilikuambia kidonda ni kazi yetu, ukaona aibu kutuita. Aibu ya funza si kitu. Tumeona funza wengi kuliko wewe ulivyoona ng'ombe. Na dawa ya mnyama ibaki kwa mnyama. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami naongeza kwamba mficha kosa huwaua na wengine. Wewe hukuficha. Kila mtu atakosea, hata sisi wenye makoti meupe. Atakayeponya watu ni yule atakayesema 'ni mimi' wakati bado kuna muda wa kuleta maji."

Shema aliandika maneno hayo, akayapigia mstari mara mbili. Shangazi Mukabaranga hakuandika kitu. Alimvuta Alliance kwa mkono wake mzima, akamkumbatia mbele ya wafugaji, manesi na madaktari wa kesho, na kicheko chake kikajaa chumba mpaka nje.